Maziwa ya Safari

Muzee Philippe hawezi kula kwa mtu kabla mwenye kupika hajaonja. Simlaumu, maana ni desturi yetu. Hapa Bunia chupa ya bia inafunguliwa mbele ya macho ya mgeni, na mwenye kupika anachota kijiko cha kwanza, ili mgeni aone kwamba akifa hatakufa peke yake. Lakini wageni wengine wanaridhika na kijiko kimoja. Muzee Philippe alinionjesha pembe nne za sahani, kisha katikati, kisha chini ya samaki, kisha mchuzi peke yake. Siku ya kwanza nilipomaliza kuonja nilikuwa nimeshiba, naye akauliza kwa nini sahani imekuja nusu.

Huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu, Prudent. Tangu baba yao afariki, katika ukoo wetu wa Mahagi neno lake ndilo la mwisho. Alikuwa directeur wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na miwili, na mtu aliyezoea kusikilizwa na watoto mia tatu waliosimama kwa mistari hawezi tena kukaa na watu wawili bila kuwafundisha. Alikuja kwetu Jumanne, commune ya Shari, kupimwa macho na kungoja miwani. Daktari wa macho alisema wiki moja. Nilihesabu siku saba kwa vidole, nikamshukuru Mungu kwamba si kumi.

Masomo yalianza kabla hajavua viatu. Usinywe maji katikati ya chakula, yanazima moto wa tumbo. Sukari inaleta hemoroide. Mtoto akipewa mayai atakuwa mwizi. Damu ikipungua, koroga nyanya ya kopo ndani ya Fanta. Hapo sikucheka, kwa sababu hiyo ya Fanta niliwahi kuinywa mwenyewe baada ya kumzaa Nadège wangu, nikaitapika mbele ya infirmière aliyeniuguza, na yule dada alipoona wekundu ule nusura yeye ndiye alazwe.

"Mama Nadège," Muzee aliniambia, "nusu ya magonjwa inaingia kwa kinywa. Nusu ingine inaingia kwa mukono ya mwenye kupika."

Alisema hivyo akifungua kufuli la mkoba wake mdogo. Ndani ya mkoba kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, kikombe chake, kijiko chake, na chupa ya maji aliyoifunga mwenyewe. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Kila alipomaliza kula alichota vijiko vinne vya maziwa, akakoroga, akanywa mpaka tone la mwisho, akafunga kufuli.

"Maziwa inafunga sumu," alisema. "Inaizunguka, inaifunga, inaipeleka inje. Si kusema weye ni mubaya. Ni prudence tu, kujichunga."

Nilitikisa kichwa kukubali. Nani Bunia asiyejua kwamba maziwa yanafunga sumu? Ningemwambia nini mtu anayejilinda kwa dawa ambayo hata mimi naiamini? Nikaosha vyombo.

Saa tisa ya mchana huo huo tumbo lake lilianza kuongea. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uani, na nikalisikia kutoka sebuleni juu ya kelele ya mchi. Kisha nikamwona Muzee akipita, kwanza kwa heshima, kisha kwa haraka, kisha bila heshima, kuelekea choo cha nyuma. Alikaa huko muda mrefu. Jumatano alikula maharagi yangu, akanywa maziwa yake, na saa tisa akapita tena njia ile ile.

Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu mgeni ndiye aliyenipa kesi.

Alimwita Prudent, wakakaa sebuleni, na akataka na mimi nisikie. Uso wake ulikuwa umepungua. Nilimwonea huruma hadi alipofungua mdomo.

"Prudent, mi niko kwangu Mahagi, siugue. Niko nakula, niko nalala, asubuhi niko sawa. Nikikula kwa watu, tumbo inakatika. Jana na juzi na leo. Weye umesoma. Fanya hesabu."

"Yaya, labda ni maji," Prudent akamjibu kaka yake.

"Maji ni yangu. Nilitoka nayo kwangu."

Prudent ni fundi wa redio. Anaweza kukaa siku nzima na kitu kilichoharibika bila kusema neno, na ndiyo maana niliolewa naye. Lakini siku ile nilitaka aseme. Aliangalia sakafu, na kule kuangalia sakafu kuliniuma kuliko maneno ya kaka yake.

"Dimanche, baada ya misa, famille itakutana," Muzee alisema. "Sitasema kitu mbele ya siku hiyo."

Alikuwa amekwisha kusema. Kwetu neno sumu likitoka halirudi. Mwanamke akishaitwa hivyo, hata maji yake hayanywewi, na mume wake anashauriwa na kila mtu, hata na wauza mkaa. Nilijua mwisho wake kwa sababu niliwahi kuuona. Miaka miwili iliyopita Muzee alikuja Bunia akala kwa Didier, mdogo wao wa mwisho. Chantal, mke wa Didier, alimpikia maharagi. Mchana tumbo likakatika, Jumapili famille ikakutana, na Jumatatu Chantal akarudishwa kwao Bogoro juu ya moto, pikipiki ya kukodi, godoro limefungwa nyuma yake. Tangu siku ile Didier anakula kwangu kila jioni, na sijaona mtu akimshauri aogope.

Nilikuwa nimeketi kwenye kikao kile. Na sikukaa kimya, nakiri. Lakini Alhamisi ile sikutaka kukumbuka nilichosema, nilitaka tu kuokoa nyumba yangu.

Ijumaa wageni wakaanza kumiminika, maana kwetu hakuna mgonjwa anayeachwa augue peke yake. Kila aliyeingia alikuja na jina la ugonjwa. Wa kwanza alisema ni gastrite. Wa pili alisema gastrite haiendeshi tumbo, hiyo ni typhoïde, hapa Bunia kila mtu anayo, ukipimwa tu inaonekana. Jirani mmoja aliapa kwa amiba na akaleta mbegu za papai. Mwingine akaangalia jinsi Muzee alivyokaa, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni hemoroide na inatoka kwa sukari. Muzee aliwasikiliza wote kama anayesahihisha kazi za wanafunzi, kisha akawaambia wote wameanguka.

Mwishowe akaingia tante Bénédicte, dada ya baba yao, mwanamke wa miaka sabini na mitano anayeamini kwamba kila ugonjwa una mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango huo si mdomo. Alikuja na dawa yake ya majani kwenye chupa ya plastiki, bado ya vuguvugu, na poire yake ya mpira, ile ya kusukumia dawa kwa nyuma, imefungwa ndani ya kitambaa.

"Lala kwa upande, Philippe. Nitakusafisha dakika mbili."

Muzee aliitazama chupa. "Hii dawa, nani aliichemusha?"

"Mimi."

"Mimi sikuona. Basi onja kwanza."

Tante aliitazama poire, akamtazama mtoto wa kaka yake, akaitazama tena poire. "Nionje namna gani, Philippe?"

Nilikimbilia jikoni nikajifungia, nikauma kitenge changu mpaka machozi yakanitoka. Niliporudi tante alikuwa anafunga vitu vyake kwa hasira, na hasira hiyo akaipumzisha kwangu.

"Kikulacho kiko nguoni mwako," alisema akinitazama, na akatoka.

Baada ya hapo kicheko kiliisha. Tante Bénédicte akiwa upande wa pili, kikao kilikuwa kimekwisha kabla hakijaanza. Nikafikiria kitu kimoja tu cha kufanya: kumpigia simu Suzanne, mke wa Muzee, kule Mahagi, nimuulize anampikia nini, na mimi nimpikie hicho hicho hadi Jumapili.

"Anakula yote," Suzanne alisema. "Samaki, maharagi, sombe, hata chakula ya jana. Iko na tumbo ya chuma."

"Na maziwa, unamutilia vijiko ngapi? Huku anatia ine, labda ni kidogo."

"Maziwa gani? Hapa hakunywake maziwa. Anasema ile ni maziwa ya safari. Mimi ananiamini." Alisema hilo la mwisho kwa majivuno.

Nilimuaga Suzanne, nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Akili yangu haikimbii, huwa inatembea, lakini inafika. Kwa Suzanne anakula kila kitu, hanywi maziwa, haugui. Kwangu anakula vile vile, anakunywa maziwa, anaugua. Alipougua Jumanne alirudia kikombe ili kufunga sumu vizuri zaidi, na Jumatano akaugua zaidi.

Nilivuka barabara hadi kwa Joëlle. Joëlle ni binti wa majirani, ni infirmière kwenye kituo cha afya, na siku hiyo alikuwa nyumbani anafua blouse yake nyeupe. Nilimweleza yote. Hakushangaa hata kidogo, aliendelea kusugua kola.

"Mama Nadège, tumbo ya mutoto iko na kitu ya kukatakata sukari ya maziwa. Kwa watu mingi, ukikomaa, ile kitu inapunguka. Unakunywa maziwa, sukari haikatwe, inashuka, inachachuka ndani. Gaz, maumivu, kuhara. Si sumu. Si ugonjwa hata. Akiacha maziwa, inaisha."

"Lakini maziwa inafunga sumu."

"Haifunge kitu. Mutu akikunywa sumu, kimbia naye hopitali. Ukianza kutafuta maziwa, uko napoteza saa. Na kama ni petroli alikunywa, ni mubaya zaidi, juu akitapika, petroli inaweza kuingia ndani ya mapafu."

Nadège alikunywa petroli alipokuwa na miaka miwili, na nilimpa maziwa kikombe kizima, nikisifiwa na mtaa wote. Mtoto alipona. Miaka yote nilidhani ni mimi niliyemponya.

"Mwambie basi Muzee," nikasema. "Weye umesoma."

Joëlle akakamua kola. "Nina miaka vingt-six tu, kwake mi ni mutoto. Iko directeur. Atasema ulinilipa."

Alisema kweli. Mtu kama yule huwezi kumwambia kitu, lazima akione kwa macho yake, tena kwa tumbo lake. Usiku kucha sikulala nikipanga, na asubuhi mpango ulikuwa mzuri sana. Ungekuwa mzuri zaidi kama ningeufikiria hadi mwisho.

Jumapili baada ya misa tulikaa uani: Muzee kwenye kiti cha mikono, Prudent, Didier, na tante Bénédicte. Joëlle nilimwomba apite na kipimo chake cha tension ya damu, kama kwa bahati. Kabla Muzee hajafungua kikao nikasimama.

"Muzee, naomba neno moja. Leo ukule chakula yako mwenyewe. Ununue weye, upike weye, ukule weye. Mi nitakaa kwa kiti ile pale, mikono kwa magoti, hata chumvi sitagusa. Ukibaki muzima, sumu ni yangu. Nitafunga vitu vyangu mbele yenu, hakuna mutu atanifukuza."

"Huguette," Prudent akaniita. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Alhamisi.

"Acha," nikamwambia.

Uso wa Muzee uling'aa. Miaka mingi hakuna aliyemwomba afanye jaribio. "Ni expérience," alisema. "Vizuri. Didier atakuwa témoin, shahidi wetu."

Walikwenda sokoni wawili juu ya moto moja, wakarudi na sufuria mpya, unga, mkaa, chumvi kwenye pakiti iliyofungwa, na mayai matano. Mkaa wangu aliukataa, akasema sumu nyingine hupita kwa moshi. Mayai alituonyesha moja moja kwenye jua.

"Yai iko na ganda. Hakuna mutu anaweza kutia kitu ndani. Ndiyo maana nilichagua yai."

Sijawahi kuona mtu mwenye miaka sitini na minane akikutana na mbabula, jiko la mkaa, kwa mara ya kwanza. Alipuliza moto kutoka upande ambako moshi unakwenda, kisha akahamia upande wa pili, na moshi ukahamia pamoja naye. Mayai yalipasuka mawili. Bugali alianza kuusonga maji yakiwa bado baridi, ukatoka na mabonge makubwa yenye unga mkavu ndani. Tante Bénédicte aliinuka mara tatu kumnyang'anya mwiko, na mara tatu nikamwambia kaa chini, tante, ni expérience. Mikono yangu mwenyewe ilikuwa inawasha. Kuona bugali ukiharibiwa mbele yako na kukaa tu ni adhabu.

Alipopakua, alininyoshea kijiko nionje, kwa mazoea. Kisha akakumbuka, akakirudisha, akaonja mwenyewe pembe nne za sahani yake. Akala yote. Akajifuta mdomo. Akauvuta mkoba wake karibu, akashika ufunguo shingoni, na akauachilia.

"Leo hakuna lazima ya maziwa," alisema. "Nimepika mwenyewe."

Mwanamke mjinga kama mimi hajazaliwa Shari. Anakunywa maziwa kwa kuogopa watu, na kwa Suzanne hanywi kwa sababu anamwamini Suzanne. Je, kuna mtu Muzee Philippe anayemwamini kuliko Muzee Philippe? Nilikuwa nimeweka nyumba yangu rehani juu ya kikombe ambacho hatakinywa. Nikamtazama Joëlle, naye akatazama kipimo chake cha tension kana kwamba ni mara ya kwanza kukiona. Kumpa maziwa siwezi, kumshauri siwezi, hata kuyataja nisingethubutu. Nikabaki na mikono kwenye magoti, nikihesabu nguo zangu kichwani, ni zipi zitaenea kwenye begi.

Aliyeniokoa ni tante Bénédicte.

"Kunywa tu, Philippe," alisema. "Huyu muke alikutazama sana kwa saa ya kukula. Hakupepesa hata macho. Watu wengine wanatia kwa macho."

"Tante, macho haitie sumu."

"Weye ulisoma vitabu, mimi nilizika watu. Kunywa."

Muzee alifikiri. Kisha akasema neno lake, prudence, akafungua kufuli. Alichota vijiko vinne, akanitazama, akaongeza viwili. Alikunywa kikombe kizima, na kwa kuwa tante alikuwa bado anakunja uso, akakoroga cha pili. Nilimwombea tante Bénédicte maisha marefu, na nilimaanisha.

Tukangoja. Prudent alienda akaketi karibu nami, kiti chake kikagusa changu, na mbele ya tante na ya kaka yake akanishika mkono. Ningependa angefanya hivyo Alhamisi, lakini nilipokea.

Saa tisa kasoro kidogo ngurumo ya tumbo lake ilisikika. Wote tuliisikia, hata kuku. Muzee aliweka mkono tumboni. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Aliinuka, akasema "Excusez," akapita kwa heshima, kisha kwa haraka.

Aliporudi alikaa polepole. Mwishowe Didier, témoin, akajikohoza.

"Yaya, nani alipika?"

"Mimi."

"Nani alinunua?"

"Mimi."

"Nilisema," tante akadakia. "Ni macho yake."

"Nyamaza, tante," Muzee alisema. Alikuwa amefumba macho. "Niache nifanye hesabu."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, kama alivyofanya ubaoni maisha yake yote. "Hapa kwa Mama Nadège: samaki, na maziwa. Maharagi, na maziwa. Leo: mayai, na maziwa. Kwa fête ya paroko, mwaka juzi, ile siku nilimushuku hata paroko: kuku, na maziwa. Macho, hapana. Paroko hakunitazama. Paroko alikuwa natazama kuku." Alihamia mkono wa pili. "Mahagi, kwa Suzanne. Kila kitu. Na..." Kidole kikabaki hewani.

Alikiangalia kile kidole muda mrefu. Kisha akamgeukia Joëlle, si mimi. "Mademoiselle, maziwa inaweza?"

Joëlle akamweleza, kwa sauti ya chini na kwa heshima, yote aliyoniambia kwenye karai la nguo. Muzee alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo sikujua kwamba analiweza. Alipomaliza akamuuliza kama ni hivyo kwa watu wengi, na Joëlle akasema wengi sana, na kwamba hata yeye hanywi.

"Trente-deux ans," Muzee alisema, "miaka yote ile nilikuwa naandika kwa tableau: maziwa ni chakula kamili." Kisha akanigeukia. "Mama Nadège, unisamehe. Sumu ilikuwa ndani ya mukoba yangu."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumjibu, makali, nimeyanoa siku nne. Lakini mzee aliyekiri mbele ya watoto wa mama yake, akiwa ameshika tumbo, unamwambia nini? Nikamwambia imekwisha. Na kwangu ilikuwa imekwisha kweli, nilihisi furaha imenipanda mpaka nikataka kuchemsha chai.

Ndipo Didier akasimama.

"Kwa Chantal ulikula maharagi," alisema. "Ulikunywa nini?"

Muzee akashika rozari yake. Tante Bénédicte akaangalia kandambili zake. Didier aliuliza tena, polepole, "Yaya, kwa bibi yangu ulikunywa nini?"

"Vikombe viwili," Muzee alisema.

Didier alitoa simu. Namba ya Chantal hakuwa ameifuta. Aliweka sauti ya nje, akaiweka simu mkononi mwa kaka yake, akarudi nyuma hatua moja. Iliita muda mrefu. Kisha tukamsikia, na nyuma yake mtu akipasua kuni.

"Chantal, mutoto yangu, ni Muzee Philippe. Nakuomba pardon. Nilikosea juu yako mbele ya famille nzima. Ilikuwa maziwa."

"Maziwa," Chantal alisema.

"Maziwa yangu mwenyewe. Tumbo yangu haiyataki. Weye hukuwa na..." Hapo kikombe cha pili kilimfikia. Uso wake ulibadilika, akageuka huku na huku, akanisukumia simu na kukimbia, bila heshima kabisa. Prudent akacheka kwa pua. Hata tante alicheka.

Nilikuwa bado natabasamu nilipoiweka simu sikioni. "Chantal, ni mimi, Huguette. Amekimbia choo."

Yeye hakucheka. "Yaya Huguette. Sasa nimesikia ni maziwa. Weye ulijua lini?"

"Vendredi, juzi."

"Na juu ya nini ulitafuta kujua?"

"Alisema na mimi nilimupa sumu."

Kuni zikaendelea kupasuka upande wa pili. "Ile siku kwa kikao," Chantal alisema, "ni weye ulisema: mutu mwenye kunyamaza vile, huwezi jua iko nafikiri nini. Wengine walikuwa wanasitasita. Weye ukasema vile, wakaacha kusitasita."

Simu ilikuwa kwenye sauti ya nje. Wote uani walisikia, na Prudent akaacha kucheka. Lilikuwa ndilo neno langu, herufi kwa herufi. Nililisema kwa sababu Muzee alinitazama, na nilitaka asinitazame tena.

"Nikuulize kitu moja," alisema. "Kama haingefika kwako, ungetafuta?"

Mimi ni mtu wa majibu. Wauza samaki wananijua, wenye moto wananijua. Ningeweza kumwambia ndiyo, na asingekuwa na namna ya kunipima. Nilimtazama Didier, mwenye kula kwangu kila jioni kwa miaka miwili, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja kama mke wake ni mzima.

"Hapana," nikasema. "Nisingetafuta."

Mpasua kuni akasimama, labda kusikiliza.

"Basi," Chantal akasema mwishowe, "sasa tunaweza kuongea."

Didier alinyoosha mkono kutaka simu yake. Sikumpa. Nilitoa ile sauti ya nje, nikaenda nayo nyuma ya jiko ambako hakuna mtu, nikakaa chini, nikaanza kumwambia kwa nini siku ile nilisema vile.